Hitilafu Iliyoitwa Msiba

Siwapendi watu wanaosema mashine haina roho, kana kwamba wao wanayo. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha udhibiti cha shirika la umeme pale Arusha, redio ya upepo mkononi, nikiwatuma mafundi kulikozimika, na roho za watu nimeziona zilivyo. Kwa hiyo nikiisimulia kompyuta ya Abdulsalam, msitegemee niilaumu. Ilisema ilichofundishwa kusema.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Kiwanda hiki kimeuzwa, kile kimefungwa, na sisi tunangoja zamu yetu kama kuku wa sikukuu. Tuliletewa meneja mpya, kijana mwenye tai na haraka nyingi, akaanza kwa kupunguza watu. Wapishi wakaondoka, wafagiaji wakaondoka, kisha wakaondoka wazee waliokuwa wakitembea kwa miguu kukagua nguzo. Redio yetu akaifungia kipaza sauti cha pili ofisini kwake, ili asikie jinsi tunavyopoteza muda. Halafu akaleta mradi wa majaribio: kompyuta, visanduku vya kupimia umeme, na injinia wa kuviendesha.

Injinia mwenyewe nilimjua tangu akikimbia na kaptula Ngarenaro. Abdulsalam, mtoto wa marehemu Twahir fundi cherehani, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alisoma hadi Dar es Salaam, akarudi na digrii na miwani, lakini kwangu alibaki yule yule. Kila asubuhi, "Shikamoo dada Nusura," hata mbele ya meneja ambaye hakuwa na desturi ya kumwamkia mtu. Nilimpenda kama mdogo wangu, na mpaka leo namkasirikia kama mdogo wangu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliichora laini nzima ya kutoka Tengeru kushuka Nduruma ndani ya kompyuta: kila transfoma, kila nguzo, urefu wa kila waya, nyumba zote zilizounganishwa. Picha hiyo ndiyo aliyoiita modeli. Modeli ilikuwa inapiga hesabu kwamba saa kama hii, kwa nyumba hizi, umeme unaopita hapa unapaswa kuwa kiasi fulani. Visanduku vilivyofungwa kwenye transfoma zenyewe vilikuwa vinatuma habari ya kiasi kinachopita kweli. Kompyuta inalinganisha. Hesabu zikipishana, inatafuta ugonjwa unaofanana na tofauti hiyo na kuuandika kwenye skrini, kando ya jina la mahali: KIUNGO KIMELEGEA, au TRANSFOMA IMEZIDIWA, au WAYA UMEGUSA ARDHI.

Siku ya uzinduzi meneja alitukusanya uani akatupa hotuba. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, akifurahia sauti yake. "Kuanzia leo laini zetu hazitaficha maradhi." Tukampigia makofi, maana asiyepiga makofi angeonekana.

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Wiki haikuisha kompyuta ikasema kuna kiungo kimelegea karibu na soko la Tengeru. Mzee Eliamini akapanda nguzo, akakuta kiungo kimeungua nusu, kinangoja tu kukatika watu wakiwa wamejaa sokoni. Nikaacha kucheka.

Huyu Eliamini alikuwa msimamizi wa mafundi wa dharura. Mmeru wa Nduruma, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyepoteza neno. Mke wake Nalepo alikuwa Mwarusha wa Olmotonyi, na yeye maneno hakuyabania. Kila Jumatatu alikuwa anatuletea kibuyu cha maziwa mgando kwa mkono wa mumewe, na siku akija mjini mwenyewe alikuwa anapita kuuliza nani alikunywa kidogo. "Wewe Nusura umekonda," alikuwa ananiambia, "mtu atafikiri umeme unakunyonya." Nilikuwa namsubiri huyo mama kuliko mshahara.

Basi, kompyuta ikaanza kuona vitu. Jioni, jua likizama, inaandika WAYA UMEGUSA ARDHI, labda Mlangarini, labda Akheri. Umeme wenyewe ni kidogo, wa taa chache na spika. Mafundi wakienda asubuhi hawakuti kitu. Waya zote ziko juu, zimetulia. Jua likizama tena, maneno yanarudi pale pale. Baada ya siku chache yanakoma, yanahamia kijiji kingine. Meneja akawa mkali. Alisema ameletewa mashine ya gharama inayoona mizimu, na kama injinia hawezi kuiponya, wapo mainjinia wengi wanaotafuta kazi.

Abdulsalam alikonda kweli. Alirudia hesabu zake mpaka macho yakawa mekundu, asipate kosa. "Dada, umeme una tabia moja," aliniambia. "Ukitoka kwa waya mmoja lazima urudi kwa mwingine. Hapa unatoka na haurudi. Kuna mahali unaingia ardhini. Modeli haijakosea."

"Basi twende tukauone unapoingia," nikasema, kwa sababu nilichoka kumwona vile.

Tukaenda jioni, kwa Land Rover ya shirika, mahali palipoandikwa siku hiyo: kitongoji kimoja cha Mlangarini, chini ya mashamba ya maua. Tulifuata nguzo mpaka tukaona mwanga kwenye nyumba ambayo, kwa modeli, haikuwa na umeme. Turubai limefungwa kwenye migomba, wanawake wanapika, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, na balbu zinaning'inia juu yao. Kwaya ilikuwa inaimba. Waya mmoja ulitoka kwenye nguzo ukaingia chini ya turubai, na nyuma ya jiko kulikuwa na nondo imepigiliwa ardhini, udongo wake umeloweshwa maji, imezungushiwa matawi ya miiba ili watoto wasisogee. Kando ya ile miiba, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Mzee Eliamini.

"Shikamoo mzee," Abdulsalam alisema.

"Marahaba, injinia. Karibuni. Kaeni, chai inakuja."

Hakushtuka. Tulikaa. Chai ikaja, tukanywa, kwa sababu kwenye msiba huwezi kuanza na maswali.

"Mzee, ule waya," Abdulsalam alisema mwishowe.

"Nauona."

"Ni wako?"

"Ni wa marehemu mpaka tutakapomzika." Akaweka kikombe chini. "Baba wa hapa aliomba kuunganishiwa umeme mtoto wake akiwa darasa la kwanza. Leo mtoto ndiye yumo ndani ya jeneza, na fomu bado iko kwenu. Foleni ya ofisini inaweza kungoja, mwanangu. Maiti haingoji."

"Lakini waya mmoja, mzee? Unarudisha kwa ardhi!"

"Wa pili nitautoa wapi? Naokoteza vipande mnavyotupa. Naufunga mimi, naufungua mimi alfajiri, na hapa sibanduki. Hata baba yangu alikuwa anawasha moto mkubwa kwa wafiwa ili watu wasikae gizani. Mimi nimepewa nguzo."

Njiani kurudi Abdulsalam aliendesha mpaka tulipofika lami. Kisha akasema, "Alipokufa baba, kwetu umeme ulikuwa umekatwa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwepo, nilipika wali wa ule msiba. Tulisoma Yasini chini ya balbu moja, na hakuna aliyeuliza imewakaje.

"Ni yeye aliyepanda," Abdulsalam alisema. "Mkristo wa Nduruma, hatujui nasi hatumjui, alisikia kilio akapanda nguzo. Nilikuwa nimesimama chini namwangalia. Dada Nusura, hiyo ndiyo siku niliyotaka kusomea umeme."

Meneja naye hakulala. Wiki ile ile akabandika tangazo: yeyote atakayekutwa ameunganisha umeme kwa wizi, awe kishoka, yaani fundi wa mtaani asiye na kibali, au mfanyakazi wa shirika, atafukuzwa siku hiyo hiyo na kupelekwa polisi. Eliamini alikuwa anakaribia kustaafu, baada ya kupanda nguzo tangu ujana wake. Nilimwona amesimama mbele ya lile tangazo, kofia mkononi, analisoma taratibu. Kisha akavaa kofia yake akaenda kazini. Tukajua hataacha.

Swali likabaki kwa Abdulsalam. Kompyuta ilikuwa imepata kila taa ya msiba kwenye laini ile, na kila asubuhi ripoti yake ilikuwa inachapwa na kupelekwa kwa meneja. Siku meneja atakapoamua kwenda na gari lake jioni kama tulivyokwenda sisi, Eliamini kwisha. Kuifanya mashine isione kabisa umeme unaoingia ardhini haikuwezekana, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya waya uliokatika ukaanguka, na waya ulioanguka unaua. Abdulsalam alilijua hilo vizuri kuliko sisi wote. Akatafuta njia ya katikati, na njia za katikati ndizo zinazotumaliza.

Aliifundisha modeli ugonjwa mpya. Umeme ukianza kuingia ardhini wakati wa magharibi, ukawa kidogo, ukawa umetulia bila kupanda wala kushuka, basi usiandike WAYA UMEGUSA ARDHI. Andika M. Na M isiingie kwenye ripoti ya meneja. Kukipambazuka na bado upo, hapo ndipo ubadilishe kauli. Waya ulioanguka, alinieleza, kwa kawaida hurukaruka, hutoa cheche, umeme wake haukai sawa, kompyuta itautofautisha.

"Kwa kawaida," nikasema.

"Kwa kawaida, dada."

"Na M ni nini?"

Alinitazama kama mtu anayejua kuwa nimeshajua. "Msiba," akasema.

Tukaishi na M. Sitasema uongo, nilimheshimu kwa jambo lile. Lakini mashine ikaniharibia jioni zangu. Mwaka ule watu walikuwa wanakufa sana, vijana, wale wa ugonjwa ambao kwenye matangazo ya misiba uliitwa malaria au kifua. Zamani nilikuwa nasikia kifo kimoja kimoja, kama kila mtu. Sasa nilikuwa nakaa mbele ya skrini, na jua likizama nyuma ya mji herufi zinaanza kuchipuka kwenye miteremko ya Meru: moja Akheri, moja Tengeru, mbili huku chini kwenye vumbi. Nilikuwa nasema "Inna lillahi" kwa kila moja, kwa watu nisiowajua, Waislamu kwa Wakristo. Jioni nyingine nilichoka kusema.

Tulikuwa na sheria moja, na hakuna aliyeitamka. Sisi hatuulizi, na Eliamini na vijana wake hawasemi. Kwenye redio isingewezekana, meneja alikuwa anasikiliza. Simu za mkononi zilikuwa za wenye magari. Kwa hiyo M ikitokea, tunaiacha. Mzee hakujua hata kama hiyo herufi ipo. Alidhani mashine imeponywa ugonjwa wa kuona mizimu, na sisi tulidhani tunamhifadhi.

Ikafika ile jioni. Ulikuwa msimu wa upepo mkavu, ule unaobeba vumbi la Nduruma na kulimwaga mjini. Siku nzima nilikuwa natuma mafundi huku na huku. Eliamini na gari lake walikuwa Longido, nguzo zilianguka huko, na alikuwa amesema hatarudi mpaka kesho. Magharibi ilipofika upepo ukapungua. Nilikuwa najiandaa kuondoka ndipo M ikatokea, Nduruma, kwenye transfoma ya kwao Eliamini.

"Inna lillahi," nikasema. "Abdulsalam, Nduruma kwa mzee wamefiwa."

Alikuja akatazama. Umeme kidogo, umetulia, haupandi wala haushuki.

"Lakini mzee yuko Longido," nikasema. "Nani amefunga taa?"

"Vijana wake. Walibaki wawili."

"Hao si wako kule Usa, mbele ya Tengeru, tangu mchana? Hebu niwaulize."

Nilikuwa nimeshaishika redio. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa adabu, na kwa kichwa akanionyesha ukuta wa ofisi ya meneja. Taa ya meneja ilikuwa inawaka.

"Utawauliza nini, dada? Kama wamefunga taa ya msiba? Unataka mzee afukuzwe akiwa kwenye nguzo Longido?"

Nikairudisha redio mahali pake. Nikajifunga ushungi nikaenda nyumbani. Zamu ya usiku ilikuwa yake peke yake, maana wenzetu walishapunguzwa, akakaa na ile M mbele ya macho yake mpaka asubuhi.

Nilipoingia asubuhi jua lilikuwa limechomoza. Abdulsalam alikuwa amesimama. Kwenye skrini M haikuwepo. Kulikuwa kumepambazuka, msiba haujazimwa, na modeli ilikuwa imebadilisha kauli kama alivyoifundisha. WAYA UMEGUSA ARDHI, kwa herufi nyekundu, Nduruma. Alikuwa ameshazima laini, ameshaita gari. Mkono wake ulikuwa juu ya redio, na redio ilikuwa inaongea.

Aliyeongea alikuwa kijana mmoja wa Eliamini, amefika Nduruma kabla hatujamtuma, kwa kuwa watu walimfuata kwa baiskeli. Waya ulikatika kwa upepo jana jioni, alisema. Ulilala ndani ya majani ya tembo, kwenye vumbi kavu. Ule udongo ulikuwa unaunywa umeme kidogo kidogo, hakuna cheche, fyuzi haikukatika. Hakukuwa na msiba wowote kitongojini. Alfajiri mama mmoja alitoka kumkatia ng'ombe majani, akaugusa.

"Mama nani?" Abdulsalam aliuliza.

Yule kijana alianza kulia kwenye redio. "Mama yetu huyu," alisema. "Mama wa maziwa."

Nilipiga kelele. Meneja akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini, nikamtukana tusi ambalo sijawahi kulirudia. Juu ya kabati kibuyu cha Jumatatu kilikuwa bado hakijaoshwa.

Eliamini aliletwa kutoka Longido na dereva aliyeambiwa amdanganye kuwa mke wake anaumwa. Alijua, dereva alisema. Walipopita Ngaramtoni alivua kofia, hakuivaa tena.

Tulikwenda msibani ofisi nzima. Watu walikuwa wengi, Waarusha wa Olmotonyi walishuka kwa lori, wanawake wakiwa na shanga zao, wakilia kwa Kimaa. Jua lilipoanza kushuka vijana wa Eliamini walikuja na waya mpya kabisa, wa pili safari hii ukiwepo, na balbu ndani ya boksi. Meneja alikuwepo, akageuza uso, kwa kuwa hata yeye asingeweza kuwazuia. Lakini Eliamini alisimama kwenye njia.

"Waya usiingie kwangu," alisema.

"Mzee, watu watakaaje?"

"Watakaa."

Wakakaa. Palikuwa na karabai moja iliyokuwa inakufa kila mara, na chemli za majirani. Watu walikuwa wanakanyagana wakitafuta pa kuweka kikombe. Kwaya iliimba nyimbo zinazojulikana kwa kichwa tu, maana vitabu havikuonekana. Mtu aliyewawashia watu taa kwenye wilaya nzima alimlilia mke wake gizani, na mimi nilikaa pale na hasira sijui niipeleke wapi. Nilipowahi zamu kesho yake niliangalia skrini. Pale Nduruma palikuwa safi kabisa. Kompyuta ilisema hakuna hitilafu.

Shirika liliandika kuwa chanzo ni hali ya hewa. Waya ulikatwa na upepo, na hilo ni kweli. Mambo mengine yote yalibaki kwenye chumba chetu, kati ya Abdulsalam na mimi, na Abdulsalam akaacha kula. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kusema hakumfufui mtu. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, "ndiyo dada, ndiyo dada," huku macho yakiwa kwingine.

Baada ya arobaini Eliamini alikuja ofisini, jioni, amevaa koti la kanisani. Alikuwa amebeba mkanda wake wa kupandia nguzo. Tangu nimjue hakuwahi kuingia chumba cha udhibiti zaidi ya mlangoni, ila safari hii aliingia, akapokea shikamoo zetu, akavuta kiti mbele ya ile kompyuta.

"Vijana wangu wananiambia mashine hii huona kila kitu," alisema. "Huo waya ulilala chini tangu magharibi. Mashine ilisema nini?"

Nilimwangalia Abdulsalam. Nilimwomba kwa macho. Angeweza kusema haikuona. Angeweza kusema kisanduku kiliharibika kwa vumbi, na mzee angeamini.

"Ilisema kuna msiba, mzee," alisema.

Eliamini hakuelewa. Abdulsalam akamweleza yote, taratibu, kama anavyoeleza hesabu: tangazo la meneja, ripoti, ugonjwa mpya, ile herufi. Kuhusu balbu ya baba yake Ngarenaro pia alimweleza. Alipofika kwenye mkono wangu na redio, nikamalizia mimi.

Mzee aligeuza uso kutoka kwenye skrini. Dirishani mlima ulikuwa umeshavaa wingu lake.

"Mlikuwa mnanificha," alisema.

"Tuliogopa wasije wakakufukuza," nikasema.

"Nami nilikuwa nazificha taa za wafiwa." Akatikisa kichwa. "Nalepo alikuwa ananiambia niende kwa mkubwa nikaombe kibali, taa za msiba ziandikwe, zijulikane. Nikamwambia mambo ya wanaume hayajui. Nikamwambia hivyo, Nusura. Mke wangu."

Akainuka, akaweka mkanda juu ya meza ya Abdulsalam, mbele ya kibodi. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kwa jasho la miaka.

"Kazi mliyoniokolea hii hapa. Mpeni meneja, mwambieni kwa nini. Nitangoja nje kama anataka polisi." Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na kwenye miteremko M zilikuwa zimeshatokea, Akheri, Mlangarini, na nyingine Tengeru. Vijana wake walikuwa wanaendelea bila yeye. "Hizo ndizo?"

"Ndizo, mzee."

"Hizo ni misiba?"

Abdulsalam aliziangalia zile herufi. "Sijui," alisema.

"Wewe hujui, na mashine haijui. Ifute hiyo herufi."

"Mzee, nikiifuta zote zitakuwa hitilafu. Lazima tutume watu wakakate. Watu watakaa gizani na maiti zao."

"Mimi nilikaa," Eliamini alisema. "Ifute."

Abdulsalam akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Aliandika kwa muda mfupi tu. M zikapotea moja baada ya nyingine, na mahali pake yakaja yale maneno mekundu, matatu, yanawaka na kuzimika. Ofisini kwa meneja taa ilikuwa inawaka. Hakuna aliyenishika mkono safari hii.

Nikachukua redio nikawaita mafundi, nikaanza kuwasomea: Akheri, karibu na kanisa, wakakate. Mlangarini, wakakate. Nilipofika Tengeru kijana wa upande wa pili akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika, kwa sababu hapo alipo anasikia watu wanaimba. Eliamini alikuwa bado amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. Nikamwambia yule kijana akate.